Mkalimani Naye ni Shahidi



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu, mkisikia kwamba natoka Palma, kusini ya mto Ruvuma, huniuliza mambo mawili tu: vita na gesi. Leo nina la tatu, nalo ni maji ya mvua.

Kwetu, nyuma ya mikoko, kuna mabonde yanayojaa wakati wa mvua na kukauka kiangazi. Humo watu hulima mpunga na kuvua samaki. Mgeni akipita kiangazi huona kiwanja kitupu kinachosubiri kifusi.

Siku moja, karibu na bonde kama hilo, palitangazwa mradi wa nyumba. Sheria ya mazingira ya Msumbiji, namba 20 ya 1997, inataka shughuli za namna hiyo zipate leseni kwanza, na leseni hutanguliwa na tathmini ya athari. Basi ukaitishwa mkutano wa wananchi. Wataalamu walisema Kireno, wazee wetu Kimwani na Kiswahili. Nikaombwa nitafsiri.

Bibi mmoja akasimama. Alisema mengi: bonde hilo limejaa mara ngapi maishani mwake, maji hutokea upande gani, na je, likifukiwa maji yale yatakwenda kulala nyumba ya nani? Jua lilikuwa kali, nami, Mungu anisamehe, nilimwonea haya mbele ya wageni. Nikasema kwa Kireno: "Bibi anauliza kuhusu maji." Wakajibu kwamba mabomba yatawekwa. Watu wakapiga makofi. Bibi akanitazama: "Mjukuu wangu, hukusema nilivyosema." Hakujua Kireno, lakini alijua kupima urefu wa maneno.

Nilikuja kumkumbuka darasani, tulipofika mlango wa hukumu. Mtume, rehema na amani zimfikie, alimwagiza Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi ili barua zisomwe kwa uaminifu. Kisha mafakihi wakahitilafiana: kadhi atosheke na mkalimani mmoja? Abu Hanifa aliona mmoja anatosha. Imamu Shafii, ambaye sisi watu wa pwani tunafuata madhehebu yake, alitaka wawili waadilifu, kwa kuwa tafsiri mbele ya kadhi ni ushahidi. Nilifunga daftari. Sura ya Baqara, aya ya 283, inaueleza moyo wa anayeficha ushahidi kuwa ni wenye dhambi. Mimi sikudanganya hata neno moja, nilipunguza tu.

Nanyi mnajua kupunguzwa kunagharimu nini. Tathmini ya mradi wa gesi wa Afungi iliidhinishwa mwaka 2014, na zaidi ya familia 500 zikapangiwa kijiji kipya, Quitunda. Nyumba ni imara na umeme upo; tusikane neema. Lakini watu wa Milamba walitolewa ufukweni, na mama anayeokota chaza hahesabu umbali kwa kilomita. Anahesabu kama atafika kabla maji hayajajaa. Hesabu hiyo haiandikwi ripotini mpaka mtu aiseme, na mwingine aifikishe kama ilivyosemwa.

Baadhi yenu mnasoma uhandisi, wengine sheria. Ripoti hizi mtaandika nyinyi, au mtaitwa kuzitafsiri katika vijiji vyenu. Mkifika, mwulizeni mkulima wa bondeni kabla hamjapima, na mrudieni kwa lugha yake mlichoandika ili aseme kama ndicho alichosema. Akirefusha maneno, refusheni nanyi. (Najua posho ya mkutano huisha saa sita mchana.)

Ama mimi, walimu wametufundisha kwamba toba ya haki ya mja haitimii kwa istighfari peke yake. Haki hurudishwa kwa mwenyewe. Likizo hii, inshallah, nitakwenda kwa yule bibi na kalamu. Nitamwomba radhi, kisha nimwombe aanze upya, tangu mwaka wa kwanza anaoukumbuka bonde kujaa, nami niandike yote kwa Kireno na kuyapeleka yanakohusika.

Wassalaam alaykum.