Malisho ya Yatima



Karibu na mwaka 1660, Bartolomé Esteban Murillo, mchoraji Mhispania wa mji wa Sevilla, alichora picha iitwayo Mchungaji Mwema, ambayo leo imehifadhiwa Madrid. Ndani yake twamwona Mtoto Yesu ameketi kondeni, mkono mmoja umeshika fimbo, wa pili u juu ya kondoo. Uso wake ni mtulivu, wala hamna dalili ya hofu.

Aitazamaye picha hiyo aweza kudhani kwamba mchoraji hakuonja taabu. Sivyo. Murillo alifiwa na baba yake mwaka 1627, na mama yake mwaka 1628, naye angali mtoto wa miaka kumi hivi. Shemeji yake, mume wa dada yake, ndiye aliyemchukua kumlea. Tena mwaka 1649 tauni iliua watu wengi mno mjini kwake. Basi aliyetuchorea utoto wenye amani namna ile alikuwa yatima. Lakini alikuwa yatima aliyepokewa.

Sisi wa Bukoba na Muleba habari hiyo twaielewa. Tangu wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walipojulikana mkoani Kagera mwaka 1983, ni nyumba ngapi, kutoka Kashozi hata Kamachumu na Nshamba, ambazo bibi mzee amebaki na wajukuu tu? Twawasifu mabibi hao. Wamelea bila mshahara wala makofi.

Lakini liko neno la kutuhuzunisha. Konde la mtoto wetu ni kibanja: migomba impayo chakula, buni impayo mahitaji ya shule, na makaburi ya wazazi wake. Kumbe baada ya matanga huonekana ndugu wa marehemu ambaye hatafuti mtoto, hutafuta kibanja. Mti wa mpaka husogezwa usiku, karatasi huandikwa, yatima huambiwa aende mjini akatumikie nyumba za watu. Na Dominika mtu huyohuyo yumo kanisani.

Kitabu cha Mithali chakataza kusogeza mpaka wa kale na kuingia mashamba ya yatima, kwa kuwa Mtetezi wao ni mwenye nguvu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo yakataza kumnyima mtoto faida ya mali ya wazazi wake. Kwa hiyo asiwepo wa kusema, "Ni mambo ya ukoo." Ni dhambi, tena ni kosa la sheria. Aliyetwaa hana budi kurudisha, kwani maungamo yasiyo na nia ya kurudisha ni maneno matupu.

Wazazi Wakristo, tundikeni picha takatifu nyumbani mwenu. Ni desturi njema. Lakini Mtoto yule mwenye fimbo anawatazama. Mkiwa mmeshika kibanja cha yatima, mmeshika malisho ya kondoo wake, naye atawadai.