Kumfungia Mtu Bila Haki

Watu wengi wasikiapo neno kifungo hufikiri juu ya gereza, kuta ndefu na askari mlangoni. Sheria haikuliwekea neno hilo mipaka hiyo. Mwenye duka amfungiaye kijana stoo kwa kumshuku ameiba sabuni. Bwana afungaye geti ili mtumishi wake asiondoke kabla ya mwisho wa mwezi. Hospitali imzuiayo mzazi na mtoto wake mchanga mpaka alipe: wote hao waweza kushtakiwa kwa kumfungia mtu bila haki, na hakuna hata mmoja wao mwenye gereza. Sheria ya makosa ya jinai ya Kenya hutaja kwa kosa hilo kifungo cha mwaka mmoja au faini.

Aghalabu watendao hivyo si watu wabaya. Kila mmoja anacho anachokidai. Na hapo ndipo lilipo swali letu: Je, mwenye haki ya kudai anayo pia haki ya kufungia?

Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya ilikata shauri la wanawake wawili waliozuiliwa katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa kuwa hawakulipa gharama za kujifungua. Mahakama iliona kwamba kuwazuia huko kulivunja haki zao. Hukumu hiyo yafaa kufikiriwa sana. Fedha ikipotea yaweza kulipwa, hata kwa kuchelewa. Lakini siku ya mtu iliyopita nyuma ya mlango uliofungwa, nani atairudisha? Tena huyo uliyemfungia kwa deni umemzuia asiende kuitafuta hata hiyo fedha unayomdai. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 nao wakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mapatano.

Labda utasema: Na mwizi je, tumwache aende zake? La. Sheria za Tanzania na Kenya zamruhusu raia kumkamata mtu atendaye makosa fulani mbele ya macho yake. Lakini zamtaka amkabidhi kwa polisi pasipo kuchelewa bila sababu. Ruhusa hiyo basi ni ya kumshika na kumfikisha. Amwekaye mtu stoo tangu asubuhi hata jioni ili akiri, huyo amekwisha kujifanya hakimu, ijapokuwa mtu yule aliiba kweli.

Sasa tuutazame upande wa pili, ambao husahauliwa upesi. Aliyeshtakiwa kwa kosa hili naye ana haki. Katiba ya Tanzania, ambayo katika ibara ya 15 yakataza kumzuilia mtu nje ya utaratibu wa sheria, katika ibara ya 13 yakataza pia kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa. Kwa hiyo hapana budi kuuliza kwanza: Je, mlalamikaji alifungiwa kweli? Mwaka 1845 huko London mtu mmoja alizuiwa asipite upande mmoja wa daraja la Hammersmith, lakini aliweza kurudi alikotoka. Mahakama ilisema huko si kufungiwa. Kisha, alikaa kwa hiari yake? Alikamatwa kwa sababu halali? Polisi waliitwa saa ngapi? Mshtakiwa yampasa atafute wakili mapema, aandike saa na majina ya waliokuwapo wakati angali akikumbuka, wala asimwendee mlalamikaji kwa vitisho au bahasha, kwani hilo laweza kumletea shtaka jingine.

Habari ya Nabii Yusuf (a.s.) yatufunza jambo hapa. Alishtakiwa uongo, na ushahidi wake ulikuwa kanzu iliyochanika kwa nyuma. Ushahidi ukaonekana wazi, naye akatiwa gerezani vivyo hivyo. Baada ya miaka mfalme alimwita, mlango ukiwa wazi, naye hakutoka. Alimrudisha mjumbe akaulize kwanza habari ya wanawake waliojikata mikono. Mfalme akawauliza, nao wakamshuhudia kwa wema, na mke wa bwana wake akaungama kwamba ni yeye aliyemtaka.