Chapati Haikufukuzwa

Kuna mgahawa mmoja Kisutu, hapa Dar es Salaam, ambao sitautaja jina kwa sababu una meza nane tu na kila Alhamisi moja naihitaji mimi. Nakwenda pale tangu nianze kazi ya uandishi wa habari, enzi mshahara ukiisha tarehe kumi na mbili na mwezi bado mbichi. Kwa shilingi elfu saba unapata sahani ya muhogo wa pilipili. Ukiongeza kidogo unaletewa chai ya maziwa yenye iliki, kwenye glasi, ya moto kiasi kwamba unaishika kwa ncha za vidole. Sahani hiyo ndiyo iliyonitia kwenye swali ninalotaka kulizungumza leo: ukipenda chakula cha watu, unadaiwa nini na watu wenyewe?

Kwanza niieleze sahani. Muhogo unachemshwa, unakatwa vipande vinene kama kidole gumba, unakaangwa mpaka ugande nje. Kisha unarudishwa kwenye karai pamoja na kitunguu saumu, tangawizi, pilipili hoho, pilipili kali, sosi ya soya, siki na sosi ya nyanya. Unaungua ulimi, unapuliza, unaendelea.

Sasa tazama kilichomo. Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini; Wareno ndio waliouvusha bahari kuja Afrika. Sosi nayo si ya Kihindi, wala si ya China tunayoijua. Imezaliwa Kolkata, kwa Wachina wa jamii ya Hakka waliofika huko na kushika kazi ya kutengeneza ngozi. Walipika tambi zao kwa pilipili na viungo vya pale walipo, Wahindi wakaonja, wakanogewa. Leo mji gani India hauna tambi za Hakka? Kuna hadi koliflawa inayoitwa "manchurian", ambayo nadhani mtu wa Manchuria akiwekewa mezani atauliza ni kitu gani. Upishi huo ukasafiri na Wahindi mpaka Kisutu, ukaukuta muhogo.

Mpaka hapa ni hadithi tamu, ile tunayopenda kuisimulia: chakula hakina mpaka, tumbo halina ubaguzi. Nami niliwahi kuiandika hivyohivyo kwenye makala ya gazeti, na sentensi ya mwisho ilikuwa ya kutia huruma kwa uzuri wake. Niliacha upande mmoja.

Mwaka 1962 India na China zilipigana vitani. Baadaye serikali ya India ilikamata watu wapatao 3,000 wenye asili ya China, wakiwamo waliozaliwa palepale India, ikawapeleka kwenye kambi ya Deoli, jimbo la Rajasthan. Wengine walikaa huko miaka. Wengi walipotoka walikuta nyumba na biashara zao zimekwenda, wakahamia nchi nyingine. Tambi zao hazikupelekwa Deoli. Zilibaki, zikaenea, zikapendwa na watoto wa watu walewale waliokuwa wakishangilia majirani zao wakipakiwa kwenye treni.

Nilipolisoma hilo nilijisikia vizuri kidogo, nikiri. Unajua ile raha ya kugundua kwamba na wenzako ni wabaya? Kisha nikakumbuka Kampala.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Makumi ya maelfu wakaondoka na masanduku, wameacha maduka, viwanda, nyumba, makaburi ya wazee wao. Wengi walikwenda Uingereza, wengine Kanada na India. Baadhi walirudi miaka ya 1990, lakini hiyo ni habari nyingine. Mimi nilifika Kampala mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, na asubuhi ya kwanza, pale Wandegeya karibu na Makerere, nilinunua roleksi: chapati iliyokunjwa na mayai, kabichi na nyanya. Rahisi, inashibisha, unakula ukitembea. Waganda wanajivunia roleksi na wana haki. Ila chapati ni ya nani? Wenye chapati walifukuzwa. Chapati haikufukuzwa. Hakuna askari aliyesimama pale uwanja wa Entebbe kukagua nani anaondoka na namna ya kukanda unga.

Waliokwenda Uingereza nao walikutana na vioja. Halmashauri ya mji wa Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, mwaka huohuo wa 1972, kuwaambia wasije Leicester, mji umejaa. Walikuja. Leo ukienda Leicester, barabara ya Belgrave ndiyo fahari ya mji kwa vyakula vya Kihindi, na kwenye orodha ya vyakula utakuta kitu kinaitwa "mogo". Mogo ni muhogo wetu huu. Waliondoka Afrika Mashariki na neno letu mdomoni, wakalipika.

Nawe usinielewe vibaya. Sina nia ya kumfanya kila Mhindi malaika kwa sababu ya achari. Mkoloni alipanga watu kama mayai kwenye trei: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na waliokuwa katikati hawakuwa wote wanalia. Tanzania ilipopitisha sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majengo yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, mwenye kupanga aliona haki imefika. Familia nyingi za Kiasia ziliona mlango unafungwa, zikaondoka. Yote mawili yalitokea katika jengo moja, ghorofa moja, na sidhani kama kuna mizani ya kuyapima kwa pamoja.

Swali langu ni dogo zaidi ya hapo. Ni la mezani.

Miaka mitatu iliyopita nilikwenda pale Kisutu na mwenzangu wa ofisini. Ilikuwa wiki ya mjadala fulani wa biashara, kila mtu ana maoni. Mwenzangu, mdomo umejaa muhogo, akasema kwa sauti: "Ila hawa watu bwana, dawa yao ni kurudi kwao tu." Nilicheka. Si kwamba nilikubaliana naye. Nilicheka kile kicheko cha kumaliza mazungumzo, ambacho kwa mtu wa meza ya pili hakina tofauti na cha kukubali. Mzee mwenye mgahawa alikuwa nyuma yetu. Akaja na kibakuli cha chatne ya ukwaju ambayo hatukuagiza, akaiweka mezani taratibu. "Karibuni wanangu," akasema. "Mimi nimezaliwa Tanga. Sasa nirudi Tanga, au?"

Alisema kwa Kiswahili cha pwani, laini, kinachokuacha bila pa kujificha. Nikasema, "Tusamehe mzee." Akasema, "Kuleni, itapoa." Tukala. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo: tulikula, na kilikuwa kitamu vilevile.

Mwenzangu ana hoja yake na si ya kipuuzi. Anasema mteja akilipa hadaiwi. Elfu saba zimekwenda, muhogo umekuja, hesabu imefungwa. Nikinunua viatu vya Mtaliano sijaoa kwao. Nimejaribu kumjibu mara nyingi. Jibu langu la sasa ni kwamba elfu saba inalipia muhogo, haiwezi kulipia ujuzi. Ujuzi ule umepita Kolkata na Gujarat na bahari, umebebwa na watu ambao kila walipofika waliambiwa si kwao. Anayekula akisema "warudi kwao" anataka kile walichobeba bila wao. Tuna methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mzee kashika jembe tangu babu yake, na sisi bado tunahesabu siku ya pili.

Ila kuna mtu mwingine katika hesabu hii, na kwa miaka mingi sikumwona. Alhamisi moja mgahawa ulikuwa mtupu, nikaomba kwenda jikoni kumshukuru mpishi. Nilitarajia nani? Nilitarajia jamaa wa mzee. Nikamkuta mama wa makamo kutoka Dodoma, jasho linamtoka, anageuza karai kwa mkono mmoja. Amepika pale miaka kumi na tisa.

"Umejifunzia wapi, mama?"

"Kwa mke wa mzee, marehemu. Yeye wa nazi nilimfundisha mimi. Nami nilifundishwa na jirani yangu Mdigo."

Sahani rahisi ina sababu ya kuwa rahisi, na sehemu ya sababu hiyo ilikuwa imesimama mbele yangu. Sikumuuliza analipwa kiasi gani. Mwandishi wa habari mzima, ninayeuliza mawaziri, niliogopa jibu lingeniharibia Alhamisi zangu. Nilichouliza ni kama na yeye anaipenda sahani ile.

Alicheka akageuza karai. "Mimi? Hapana baba. Mimi nikitoka hapa naenda kula ugali na mlenda. Huu wenu unaunguza."

Mzee akaingia na oda mbili mkononi. Akatutazama, akaninyoshea kidole cha mlangoni, na mimi nikatoka.