Je, Ni Haki Kumlilia Mwimbaji Tusiyemjua?



Limezuka swali kati yetu, na wazee wameomba liandikwe hapa. Kwaya iliimba "Ebenezer" kwenye matanga, na mama mmoja akalia sana, akisema anamlilia dada Angela Chibalonza. Mzee mmoja akauliza: huyu dada alifariki mwaka 2007, hatukuwa ndugu zake, wala hatukuwahi kula naye. Huko Kongo tunao wafu wetu ambao hatukuwazika. Je, ni haki kumpa mgeni machozi ambayo watu wetu wenyewe bado hawajayapata?

Swali si dogo. Mzee huyo si mtu mgumu wa moyo. Naye ana makaburi aliyoyaacha nyuma.

Mwezi wa Septemba 2007 ulichukua waimbaji wawili. Tarehe 6 alifariki Luciano Pavarotti wa Italia, mwenye miaka 71, kwa saratani ya kongosho. Alikuwa mwimbaji wa opera, yaani mchezo wa jukwaani ambao watu huimba badala ya kusema, na sauti ya mtu mmoja hujaza jumba zima bila maikrofoni. Tarehe 23 Chibalonza, binti wa Kongo aliyeishi Kenya, alifariki kwa ajali ya barabarani huko huko Kenya.

Wengi wetu hatujasikia opera hata siku moja, lakini Pavarotti anatuhusu kuliko tunavyodhani. Baba yake alikuwa mwoka mikate, mama yake mfanyakazi wa kiwanda cha tumbaku. Mwaka 1943 vita viliwatoa mjini Modena, wakaenda kupanga chumba kimoja kwa mkulima. Nani kati yetu haijui habari ya familia nzima katika chumba kimoja? Alipokuwa mtu mkubwa aliandaa maonyesho ya kuchangia watu wa vita, wakiwemo wakimbizi wa Afghanistan na wa Angola, na mwaka 2001 UNHCR ikampa medali ya Nansen. Sasa fikirini mkimbizi aliyepata dawa au turubai kwa fedha hizo, asimwone Pavarotti hata kwa picha. Akisikia amekufa, tumwambie asilie kwa sababu si ndugu?

Katika Matendo ya Mitume, Dorkasi alipokufa kule Yafa, wajane walisimama wakilia huku wakimwonyesha Petro nguo alizowashonea. Hatuambiwi kwamba walikuwa wa ukoo wake. Nguo ndiyo iliyowaunganisha naye.

Mzee atasema: nguo inavaliwa, wimbo ni upepo tu. Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo.

Pavarotti alizikwa tarehe 8 Septemba. Katika kanisa kuu la Modena walipiga rekodi yake akiimba pamoja na baba yake, ambaye naye alipenda kuimba na alikuwa ameshafariki miaka mitano kabla. Watu walikaa kimya wakiwasikiliza marehemu wawili, baba na mwana, wakiimba. Ni neema kubwa, nasi wengi hatuna neema hiyo. Mama zetu waliimba wakitwanga mihogo, baba zetu waliimba ibada ya jioni, na hakuna aliyewarekodi. Sauti zao tuliziacha pamoja na nyumba. Ila Chibalonza alirekodiwa. Kanda yake ilikuwa ikilia pale jikoni, na mama alikuwa akimfuatiza, akikosea maneno. Leo wimbo ukitoka kwenye simu ya kijana chini ya mwembe, ni nani hasa tunayemsikia? Yule mama wa matanga alitaja jina la mwimbaji, nasi tunaamini alikuwa na majina mengine rohoni ambayo hakuweza kuyatamka. Kwa wengine wetu mlango huo ndio pekee uliobaki wa kumfikia marehemu asiye na kaburi. Tukiufunga kwa ajili ya heshima ya wafu wetu, tunawafungia wafu hao hao nje.

Wenyeji wetu wa West Nile hawatuulizi sana kuhusu machozi. Wengi wao walikuwa wakimbizi Kongo na Sudan miaka ya 1980, na Ombaci, karibu na Arua mjini, wanakumbuka hadi leo waliouawa pale misheni tarehe 24 Juni 1981.

Hata hivyo mzee ameshika jambo moja la kweli. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Wa mbali anaruhusiwa kuingia, lakini hachukui mkeka wa mfiwa. Machozi si posho ya mwezi, hayapimwi kwa kopo hata tuseme ukimpa huyu umempunguzia yule. Miguu ndiyo hupimwa. Mtu hawezi kuwa mahali pawili. Tumeona mtoto wa jirani akizikwa na watu sita wakati vijana wenye nguvu wamekaa kuzunguka redio wakiomboleza msanii wa Kinshasa. Kilio chao hatukilaumu. Tunauliza tu nani alichimba lile kaburi, kwa maana ardhi ya kiangazi hapa ni ngumu kama jiwe, na waliochimba walikuwa baba wa mtoto na wazee wawili.

Kwaya ya vijana imeomba iruhusiwe kuimba "Ebenezer" katika mazishi yote ya kijiji, hata ya asiyesali kwetu. Wazee wamekubali, na yule mzee mwenye swali amekubali pia. Ameomba tu wafike asubuhi, kabla ya maiti kutoka nyumbani, na kila mwimbaji aje na jembe.