Jumanne: Simu, Ubongo na Hekalu la Mungu

Soma 1 Wakorintho 6:19, 20 na 1 Wathesalonike 5:21. Je, mafungu haya mawili yanahusianaje?

Paulo anafundisha kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na ni kwa njia ya ubongo kwamba mwanadamu husikia sauti ya Mungu na kuamua. Hivyo, kuuliza kama mawimbi ya simu yanadhuru ubongo ni suala la uwakili. Pale Uyole, barabara ya Tukuyu inapoachana na ile ya Tunduma, simu iko mkononi mwa muuza viazi, mwanafunzi na mzee wa kanisa. Mmoja akisema kwamba mnara unaharibu akili za watoto, na mwingine akimcheka, nani amelitii agizo la kujaribu mambo yote?

Mwaka 2011 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliyaweka mawimbi haya katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa kuwa ushahidi ulikuwa hafifu lakini haukupaswa kupuuzwa. Mwaka 2024 mapitio ya tafiti 63, yaliyoagizwa na Shirika hilo, hayakuona uhusiano kati ya matumizi ya simu na saratani ya ubongo. Mawimbi ya simu hayana nguvu ya kuvunja vinasaba kama eksirei. Tena hupungua upesi kadiri yanavyokwenda mbali, na simu hutoa mawimbi makali zaidi mtandao unapokuwa dhaifu. Kwa hiyo mnara ulio karibu huipunguzia simu kazi iwapo sikioni. Hapa nchini, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo yenye jukumu la kudhibiti mionzi.

Soma Isaya 8:12, 13. Nabii anawaonya watu wa Mungu wasiogope kila kinachoogopwa na umati. Hofu isiyopimwa nayo huumiza. Mama anayeumwa kichwa wiki baada ya wiki, akiambiwa na washiriki wenzake kwamba ni mnara tu, anaweza kubaki nyumbani huku shinikizo la damu likimmaliza. Upendo humsindikiza hospitali. Tena anayesambaza habari asiyoithibitisha na akumbuke Kutoka 20:16.

Anayetaka kujihadhari atumie spika au waya wa masikioni, na afupishe mazungumzo mahali penye mtandao dhaifu. Lakini liko dhara lisilohitaji mabishano: simu inayoangaliwa hadi usiku wa manane huiba usingizi, na ubongo uliochoka husali kwa shida (Zaburi 127:2).

Kwa mjadala: Je, simu yako hulala wapi usiku? Darasa lenu limewahi kueneza habari gani ya afya bila kuipima, na ni nani aliyeathirika?