Kabla Sijaitia Saini Barua Yenu

Wanangu, barua yenu nimeisoma. Niliisoma jana usiku kwa tochi ya simu, nikairudia leo baada ya chai, maana macho ya uzee si ya kuyaamini usiku. Hati inasomeka, na waliotia saini ni wengi kuliko nilivyodhani. Mnataka kocha wa timu yetu ya mkoa ya mpira wa kikapu aondoke. Mnataka na mimi niweke mkono wangu pale chini, ili wakubwa wakiiona wasiseme ni hasira za vijana. Kaeni. Na wewe uliyesimama mlangoni kama mtu anayewahi basi la Lamadi, kaa pia, mwanangu. Sina mbio siku hizi.

Hoja zenu nyingine nimezipita haraka. Kwamba kocha hana maneno mazuri, hilo ni kweli, na hata mimi amewahi kunijibu ovyo. Kwamba anapendelea vijana wa mjini, sijaliona. Ila hoja ya nne ndiyo mmeitilia mkazo, tena mmeipigia mstari: hatua ya makundi tulishinda, mtoano tukatolewa, wachezaji ni wale wale, basi kosa ni la kocha. Mnaona hapo hapana pa kubisha. Mimi napaona, na kwa hilo tu nimewaita.

Kwenye makundi mtu hakujui. Amefika na basi usiku, amelala kwenye darasa, asubuhi anakutana na ninyi. Yule kijana wetu mrefu wa Itilima anachukua mpira, anakata kulia, anafunga. Anarudia, anafunga. Watu wanapiga vigelegele. Lakini pembeni kuna mwalimu wa mkoa mwingine amekaa na daftari, na anachoandika ni kitu kimoja: huyu hana mkono wa kushoto. Siku ya mtoano mliona wenyewe, nami nilikaa nyuma ya goli nikaona vizuri zaidi yenu. Yule beki wao alisimama kabisa upande wa kulia wa kijana wetu, akamwachia kushoto kote, peupe, kama mtu anayekukaribisha upite. Kijana akadunda mara mbili, akageuka, akarudisha mpira nyuma. Mara ya pili akajaribu, wakamnyang'anya. Mara ya tatu hakujaribu tena. Kocha akaomba mapumziko, akamwambia apite kushoto. Angemwambia nini kingine? Kijana ameanza kudribo akiwa kidato cha pili, kwenye uwanja wa udongo ambao mvua ikinyesha mpira haudundi. Mkono wa kushoto haufundishwi kwa dakika moja ya mapumziko.

Mnapenda kunitajia Marekani, mjukuu wangu ndiye mbaya zaidi. Basi twendeni huko huko, lakini twende na mtu wetu.

Hasheem Thabeet mnamjua. Mita 2.21, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1987, kijana wa Makongo. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa na miaka 15 hivi. Mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun, na mwaka 2009 chuo hicho kikafika nusu fainali ya taifa huku yeye akifuta mitupo ya watu chini ya goli karibu kila walipothubutu. Juni mwaka huo Memphis Grizzlies wakamchukua, wa pili katika vijana wote waliochaguliwa kuingia NBA. Wa tatu alikuwa James Harden. Stephen Curry alikuwa wa saba. Kama ni kipaji kwa kipimo mnachokitaka ninyi, basi Mtanzania huyo alikuwa nacho mbele ya hao wote.

Kocha wa Memphis alikuwa Lionel Hollins. Msimu wa kwanza haujaisha, Februari 2010, Thabeet akapelekwa ligi ndogo, kwenye timu ya Dakota, akatafute dakika za kucheza. Huku kwetu vijiweni hukumu ilitoka siku hiyo hiyo: kocha hampendi, kocha hana subira. Mwaka mmoja baadaye, Februari 2011, wakampeleka Houston, na badala yake wakamrudisha kundini Shane Battier, mtu wa miaka 32, asiyeruka sana, asiyefunga sana, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kumsumbua mfungaji wa upande wa pili na kusimama pale panapotakiwa.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Mtoano ulianza Aprili. Memphis walikuwa wa nane upande wa Magharibi, wakapangwa na wa kwanza, San Antonio Spurs, walioshinda michezo 61 msimu ule. Rudy Gay, mfungaji wao wa kutegemewa, alikuwa majeruhi wa bega. Na walikuwa na aibu yao ya zamani: tangu timu iundwe walikuwa wamecheza michezo 12 ya mtoano, wakapoteza yote 12. Tarehe 17 Aprili 2011, ugenini, zimebaki sekunde 24 hivi, wako nyuma kwa pointi mbili. Mpira ukamfikia yule mzee Battier nje ya mstari wa pointi tatu. Akatupa, ukaingia. Mchezo ukaisha 101 kwa 98, na mwisho wa mambo San Antonio wakatolewa, minne kwa miwili.

Kocha alikuwa yule yule Hollins mliyekuwa mmemhukumu. Na kipaji, kwa hesabu ya urefu na umri na nafasi ya kuchaguliwa, kilikuwa kimepungua, hakikuongezeka. Kilichoongezeka ni kwamba watano walipokuwa uwanjani, mpinzani alitafuta pa kuachia wazi asipaone kwa urahisi.

Simsemi Hasheem vibaya. Amefika ambako hakuna Mtanzania aliyewahi kufika kabla yake, na aliyeanza na miaka 15 akafika huko kwa miaka saba ana haki ya kuheshimiwa na kila mwenye miguu miwili hapa Somanda. Nasema tu kwamba Harden na Curry walipokuwa wanaingia NBA, mikono yao yote miwili ilikuwa imeshazoea mpira tangu utotoni. Hollins hakuwa na njia ya kumrudishia kijana wetu miaka hiyo. Alikuwa na michezo 82 ya kushinda.

Mjukuu ananiambia, babu, basi umekubali, ni wachezaji. Ngoja. Januari 2013 Memphis wakamuuza hata huyo Rudy Gay, kwenda Toronto. Watu wakasema wamejimaliza. Msimu ule wakashinda michezo 56, rekodi ya klabu, wakafika fainali ya Magharibi kwa mara ya kwanza. Huko San Antonio wakawalipizia, wakawafunga minne kwa sifuri. Na Hollins? Wiki chache baadaye mkataba haukuongezwa. Kocha aliyewafikisha juu kuliko wote akaonyeshwa mlango mwaka ule ule aliowafikisha. Tangu hapo Memphis hawajaiona tena fainali ya Magharibi. Sisemi ni kwa sababu walimwacha Hollins. Nikisema hivyo nitakuwa nimeandika hoja yenu ya nne kwa mwandiko wangu.

Toronto nako kuna somo, na timu ilikuwa inaongozwa na mtoto wa Afrika, Masai Ujiri, ambaye mama yake ni Mkenya. Kocha Dwane Casey aliipeleka timu kwenye mtoano miaka mitano mfululizo, 2014 hadi 2018. Mitatu ya mwisho akakutana na Cleveland ya LeBron James, mitatu yote akatoka. Mwaka 2018 alishinda michezo 59, akafungwa minne kwa sifuri, Ujiri akamfukuza Mei, na Juni Casey huyo huyo akatangazwa kocha bora wa mwaka. Hebu fikirini hilo, mtu anapewa tuzo akiwa hana kazi. Mngeishia hapo mngesema mnaona, kocha ndiye aliondolewa, mwaka 2019 wakachukua ubingwa chini ya Nick Nurse. Lakini Julai ile ile ya 2018 Ujiri alimtoa DeMar DeRozan, kipenzi cha mji, akamleta Kawhi Leonard. Na LeBron akahama kabisa upande wa Mashariki. Tena fainalini Kevin Durant na Klay Thompson wa Golden State waliumia. Sasa nani alishinda ubingwa ule, Nurse au Leonard au msimamizi wa majeruhi wa Golden State? Kiangazi Leonard akaondoka. Nurse akabaki, mwaka 2020 naye akawa kocha bora, na timu ikaishia raundi ya pili.

Ukinibana basi nitasema hivi, na ni maoni ya mtu aliyechoka kubishana: kocha ndiye anayekufikisha mtoanoni. Msimu mrefu unapenda mpangilio, unapenda watu wanaowahi mazoezi, na hiyo ni kazi yake. Kule mbele mpinzani anakuwa ameshakusoma, anachagua kitu kimoja usichokiweza na kukuuliza hicho hicho dakika zote arobaini. Hapo kocha anaweza kukificha kidonda kwa robo moja, pengine mbili. Ila mpira wa miguu wa nyumbani kwetu unanipinga kwenye nusu ya kwanza ya neno hili: Yanga msimu wa 2024/25 walianza na Gamondi, wakaja kwa Ramovic, wakamaliza na Hamdi, makocha watatu, na ubingwa wa ligi wakachukua. Kikosi kikiwa na watu wawili kila nafasi, ligi unaweza kuibeba hata kama benchi linabadilika kila baada ya mavuno.

Mnacheka. Wazee wenu nao walikuwa hivyo hivyo, msidhani mmeanza ninyi. Wagika na Wagalu wakishindana ngoma baada ya mavuno, mshindi ni yule aliyewavuta watu wengi upande wake. Upande ulioshindwa ukikaa usiku kuulizana, swali la kwanza lilikuwa dawa: mganga wa wenzetu katushinda. La pili lilikuwa ningi, kiongozi wa ngoma: ametunga wimbo mbovu. Nilikaa kwenye vikao vile nikiwa mdogo, nikichochea moto. Sikusikia hata siku moja mtu akiuliza ni wangapi walihudhuria mazoezi wakati wa palizi. Mganga ni mmoja na ningi ni mmoja. Wachezaji ni wengi, na ni watoto wetu.

Na kocha wenu sijamsafisha. Robo ya tatu, yule kijana wa Itilima ameshaonekana hawezi, alipaswa kumtoa, ampe mpira yule mfupi wa Maswa anayetumia mikono yote miwili hata kama hafikii goli. Hakufanya hivyo kwa sababu alimwonea huruma, au kwa sababu alitumaini. Tungefungwa kwa pointi chache zaidi ya hapo? Labda tungefungwa kwa nane badala ya ishirini. Hilo mwandikieni, nami nitatia saini, kwa sababu ni kosa lake na anaweza kulirekebisha. Lile lingine sitalitia saini.

Kwa sababu mnajua kalenda ya mkoa huu kuliko mimi. Pamba inaanza kuchumwa na kununuliwa Mei. UMISSETA, mashindano haya ya shule za sekondari, ni Juni. Kuanzia Mwanhuzi hadi Nyashimo, kijana mnayemwita kipaji cha mkoa anashinda shambani kwa baba yake wakati ambao wenzake wa mikoa yenye viwanja vya saruji wanarusha mpira jioni. Anaitwa kambini, anapimwa urefu, anapewa jezi. Kocha anampokea akiwa tayari na miaka 17 na mkono mmoja, anapewa siku chache. Halafu tunarudi Bariadi tunaandika barua.

Yule mwalimu mwenye daftari nilimfuata baada ya mchezo. Nilimsalimu, nikamuuliza vijana wake wameanza lini. Akaniambia wengine darasa la nne, kwenye kiwanja cha shule ya jirani, goli limefungwa chini kwa ajili ya watoto. Nikamuuliza goli la chini linagharimu kiasi gani. Akacheka, akasema fundi wa kuchomelea milango alilitengeneza kwa vyuma chakavu, ubao ni wa meza iliyovunjika.

Mafundi wa kuchomelea pale stendi nawafahamu, na meza zilizovunjika ziko kila shule ya mkoa huu. Kesho jioni naenda kumwona mwalimu mkuu wa shule ile ya msingi iliyo jirani na kwangu kuhusu kipande cha uwanja nyuma ya madarasa, maana kile cha mbele wanacheza mpira wa miguu na hawatakitoa. Nahitaji wawili wenu wanaojua kutumia mkono wa kushoto. Wa Maswa, wewe ni mmoja. Barua chukueni, mwandike upya hiyo hoja ya robo ya tatu peke yake, na msiipigie mstari.