Vitu Vilivyosalia Nyumbani

Ama baada. Mtu amenunua nyumba ya mawe apate kuipangisha. Afunguapo ghala akuta sanduku, ndani yake mna barua, kofia na pete ya dhahabu. Asema, "Nimenunua nyumba na vilivyomo." Je, neno hili ni haki?

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, amebainisha katika Minhaj yake, nasi ni Mashafii: iuzwapo nyumba, huingia ardhi, jengo na milango iliyotiwa. Ama vitu vya kuchukulika, kama ndoo na kitanda, haviingii. Basi sanduku halikuuzwa. Na kisichouzwa hakikununuliwa.

Wala hiyo si mali iliyookotwa njiani, itangazwayo mwaka mzima, kwani wa kuulizwa ajulikana: ni aliyeuza. Akisema si yake, huulizwa aliyemiliki kabla yake.

Na hapa wengi hujikwaa. Ikiwa nyumba ilikuwa ya urithi, usimpe pete ndugu mmoja aliyetia sahihi, ukadhani dhima imekuondoka. Humo mna fungu la mjane na la yatima, ambao huenda hata thamani ya nyumba hawakuiona. Waite wote, uwakabidhi mbele ya mashahidi.

Utasema, "Taabu yote hii kwa barua kuukuu?" Ndugu yangu, karatasi usiyoipatia bei sokoni, ni mkono wa baba kwa binti aliyefiwa. Udogo wa kitu machoni pako haukuhalalishii kukitupa.

Nyumba uliyoinunulia faida isikutie hasarani Siku ya Hisabu. Wabillahi taufiki.